Wino wa fulana ukiwa mzito usikimbilie mafuta ya taa

ANAYECHAPA fulana kwa mkono akikuta wino wa plastisoli ni mzito, huongeza nguvu kwenye raba. Mashine inayojiendesha haifanyi hivyo. Raba hupita kwa kasi ileile, wino haupenyi vizuri kwenye wavu wa fremu, chapa inatoka na mabaka. Mwenye oda ya haraka humimina mafuta ya taa au tina, na hapo hasara huanza.

Plastisoli ni chembechembe za plastiki ya PVC ndani ya mafuta ya kulainishia. Haikauki kwa hewa; hushika kwa joto la nyuzi 160 hivi za Sentigredi. Mafuta ya taa hayawi sehemu ya wino huo. Mvuke wake karibu na tanuri ni hatari ya moto, na chapa yaweza kupasuka ikifuliwa. Fulana yenye nembo ya mteja, akiikataa, utamwuzia nani?

Kwanza koroga. Wino huu, hasa mweupe, hukaza ukikaa, na mara nyingi kukoroga kunatosha. Ikishindikana, tumia kilainishi cha plastisoli. Ni ghali kuliko mafuta ya taa, sikatai, lakini kinachohitajika ni kidogo: anza na gramu 10 kwa kilo, kwa mizani. Kwa wino mwingi ukomo ni karibu gramu 50, soma lebo. Ukizidisha, mweupe hausitiri kitambaa cheusi.

Usilainishe ndoo nzima. Chota wa kazi ya siku, chapa fulana moja, ipitishe kwenye joto, kisha ifue kabla ya kuanza oda.