Injini ikifa: ufanye ovahoo au ununue nyingine?

Gari likichemsha barabara ya Maswa kwenda Bariadi na injini ikafa, swali gereji huwa moja: ovahoo au injini nyingine? Kwa mwenye Probox ya abiria au Hiace ya kupeleka mizigo mnadani, uamuzi mbaya unaweza kumaliza mtaji wote. Ndiyo maana tumewaandalia maelezo haya wasikilizaji wetu wa Nyalikungu na vijiji vya jirani.

Kwanza: usilipe chochote kabla injini haijafunguliwa na kupimwa.

Moshi mweupe mzito na maji kuisha kwenye rejeta, mara nyingi ni gasketi ya hedi. Hapo huhitaji injini nyingine. Hedi inafunguliwa, inasawazishwa kwa mashine, gasketi mpya inafungwa. Moshi wa bluu na oili kupungua ni dalili ya ringi au sili za valvu kuchoka. Mgongo mzito kutoka chini mara nyingi ni beringi za kranki. Lakini kama bloku imepasuka au imetobolewa na konrodi, tafuta injini nyingine.

Pili: angalia aina ya injini. Ile ya dizeli ya 3L kwenye Hiace ina bloku ya chuma. Silinda zikilika, zinachongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Ile ya 1NZ-FE, iliyoko kwenye Probox nyingi, ina bloku ya alumini na slivu nyembamba ambazo hazikutengenezwa ili zichongwe. Silinda zake zikilika, injini ya mtumba kutoka Japani mara nyingi ndiyo nafuu.

Tatu: piga hesabu yote. Kwenye ovahoo weka pistoni, ringi, beringi, gasketi, kuchonga, oili, ufundi na siku gari litakazolala. Kwenye injini ya mtumba weka bei, usafiri kutoka Mwanza au Dar es Salaam, na kufunga. Kama si aina ileile, ongeza nyaya na sensa. Jihadhari na ovahoo ya nusu: ringi mpya ndani ya silinda iliyolika hazidumu, utalipa mara mbili.

Ukinunua ya mtumba, nenda na fundi wako. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama maziwa, maji yameingia, iache. Zungusha kranki kwa mkono, isigome. Omba kompresheni ipimwe. Dhamana iandikwe, na udai risiti.

Risiti hiyo ina kazi nyingine. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, hivyo ukibadilisha injini, nenda TRA namba ibadilishwe. Usipofanya hivyo, utapata shida siku ya kuuza au siku ya kukaguliwa.

Mwisho, muulize fundi: ya kwanza iliuawa na nini? Kama ni rejeta iliyoziba, feni mbovu au chujio la hewa lililojaa vumbi, rekebisha hilo kwanza. Bila hivyo, injini yoyote utakayofunga itakufa vilevile, na msimu wa pamba utaupitisha ukiwa gereji.