Tanki Limejaa, Jenereta Inazima: Mafuta Yanakwama Wapi?

Umeme umekatika. Unavuta kamba ya jenereta, inawaka. Friza ya dukani inaanza kunguruma na moyo unatulia. Baada ya dakika 20 hivi mlio unaanza kupanda na kushuka, kisha kimya. Unafungua tanki kuangalia: petroli ipo tele. Unafunga, unavuta kamba tena, inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Dakika 20 nyingine, imezima tena.

Hapo wengi hukimbilia jibu moja: "kabureta imekufa", inunuliwe nyingine. Kabla hujatoa hela, hebu tufuate safari ya mafuta kutoka tanki mpaka kwenye injini. Kitu cha kukumbuka ni kimoja tu: petroli haiendi yenyewe. Kila hatua inasukumwa na tofauti ya presha kati ya upande mmoja na mwingine. Tofauti hiyo ikipotea mahali, injini inakosa mafuta hata kama tanki limejaa pomoni.

Kwanza, je, tatizo ni mafuta kweli? Cheche ya plagi ikikatika, mara nyingi injini huzima ghafla, kama umezima swichi. Jenereta nyingi pia huzimwa na kihisio cha oili pale oili inapopungua, kwa hiyo pima oili kabla ya yote. Lakini mafuta yakipungua, injini huhangaika kwanza: mlio unapanda, unashuka, unafifia. Inapoanza kuhangaika, funga choki nusu. Ikipata nguvu, umepata jibu: hewa ilikuwa imezidi mafuta. Choki hupunguza hewa na kuongeza mvuto kwenye kabureta, kwa hiyo mafuta mengi zaidi yanavutwa.

Sasa tuanze juu kabisa, kwenye mfuniko wa tanki. Jenereta ndogo nyingi hazina pampu ya mafuta. Tanki liko juu, kabureta iko chini, na mvutano wa dunia unafanya kazi yote. Presha inayopatikana hapo ni ndogo mno. Petroli iliyosimama sentimita 15 juu ya kabureta inatoa takriban asilimia 1 tu ya presha ya hewa inayotuzunguka.

Ndiyo maana mfuniko una kitundu kidogo. Mafuta yakishuka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kitundu kikizibwa na vumbi, presha ndani ya tanki inashuka taratibu. Ikishuka kwa ile asilimia 1 tu, mafuta yanagoma kushuka. Ni sawa na kuziba kwa kidole mdomo wa juu wa mrija uliojaa soda: soda haimwagiki mpaka utoe kidole.

Umeona sasa? Ulipofungua tanki "kuangalia tu", uliingiza hewa, na ndiyo maana jenereta ikawaka tena. Kipimo chake hakigharimu hata senti: ikianza kuhangaika, legeza mfuniko kidogo bila kuutoa. Ikitulia, kabureta yako ni nzima. Safisha kitundu cha mfuniko.

Kama haikutulia, shuka hatua moja: koki, chujio na mpira wa mafuta. Zima injini, iache ipoe kabisa, toka nje, na mtu asivute sigara karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini na unaweza kulifikia jiko lililo mbali na wewe. Chomoa mpira upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa safi, fungua koki na uhesabu dakika moja.

Utegemee kiasi gani? Jenereta inayokula lita 1 kwa saa inahitaji kama mililita 17 kwa dakika, yaani kijiko cha chakula kimoja na ziada kidogo. Kwa hiyo mtiririko mwembamba usiokatika unatosha. Matone ya hapa na pale hayatoshi. Ukiona matone, kosa liko juu ya hapo: chujio limejaa uchafu, koki imeziba, au mpira umebonyea.

Mtiririko ukiwa mzuri, ndipo kabureta inapoingia kwenye orodha ya washukiwa. Chini yake kuna kibakuli chenye boya linalofunga na kufungua njia ya mafuta, kama lile la tanki la choo. Legeza skrubu ya kibakuli na uyamwage yaliyomo kwenye chupa ya kioo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama yapo utayaona yamejitenga chini. Mwisho kuna jeti, kitundu chembamba kinachopimia mafuta. Petroli iliyokaa miezi inapoteza sehemu zake nyepesi, na nyingine zinaungana na oksijeni na kuwa utomvu unaonata. Kazi ya kwanza ya utomvu huo ni kuziba jeti.

Hapa kuna kishawishi cha kuchokonoa kwa waya. Usifanye hivyo. Ukitanua tundu la milimita 0.6 likawa 0.7, eneo lake linaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Mafuta yanazidi, plagi inajaa masizi, na sasa una ugonjwa mpya. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa.

Sio jenereta zote zina tanki juu, lakini. Marekani kuna magari-nyumba yenye kitanda, jiko na choo ndani, na jenereta yake hunywa mafuta kutoka tanki la gari lenyewe, ambalo mara nyingi liko chini yake. Hapo mvutano wa dunia hausaidii, ni lazima pampu ivute. Kanuni ni ileile, ila dalili zinageuka. Mpira wenye ufa upande wa kuvuta unaweza usidondoshe hata tone: badala ya mafuta kutoka, hewa ndiyo inaingia. Ukitafuta petroli iliyomwagika hutaona kitu. Tena mrija wa jenereta kwa kawaida haufiki chini ya tanki. Huishia karibu na usawa wa robo, kwa makusudi, ili jenereta isinywe mafuta yote na kumwacha dereva porini. Kwa hiyo geji ikisoma robo na jenereta ikagoma, huenda haina ubovu wowote.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: oili, choki, mfuniko, mtiririko, kibakuli, jeti. Vipimo vitatu vya kwanza havihitaji hata spana, na kubadilisha kabureta ndiyo hatua ya mwisho kabisa. Na ukimaliza kutumia jenereta kwa muda mrefu, funga koki uiache izime yenyewe, ili petroli isilale kwenye kibakuli ikageuka utomvu.

Jambo moja la mwisho: usiijaribu jenereta ndani ya duka au korido, hata kwa dakika mbili. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mafuta yakikwama utasikia mlio ukibadilika, lakini gesi hii haikupi dalili ya kuisikia wala kuiona.