Mchezo Ni Kazi ya Mtoto



Labda mtoto wako wa miaka minne anakwenda shule ya watoto wadogo hapa Baraka, au kule Fizi mlimani. Mchana unamwuliza, "Leo mwalimu amewafundisha nini?" Naye anajibu, "Tumecheza." Moyo wako unauma. Umeuza dagaa ili ulipe karo, na mtoto amerudi na mchanga katika nguo, wala daftari lake halina neno hata moja. Labda umesema, "Kucheza anaweza kucheza nyumbani. Afadhali nimtoe."

Twakuomba usimtoe bado. Soma kwanza maneno haya, kisha uamue.

1. MCHEZO UNA KAZI GANI?

Mtu mzima aweza kujifunza kwa kukaa na kusikiliza. Mtoto mdogo hawezi hivyo kwa muda mrefu. Yeye hujifunza kwa mikono, miguu, macho na masikio. Anashika kitu, anakiangusha, anakiokota, anajaribu tena. Katika miaka hiyo ya kwanza ubongo wake unakua upesi sana. Nao hauhitaji chakula tu. Unahitaji pia mapenzi, mazungumzo na mchezo.

Kwa hiyo mchezo ni alama ya afya. Mtoto aliyecheza jana, na leo amekaa pembeni kimya, hataki mpira wala wenzake, usiseme, "Leo ametulia, ana adabu." Mguse kama ana homa. Tazama kama anahara au anakataa kula. Usichelewe kumpeleka kwa mwuguzi.

2. ASUBUHI MOJA DARASANI

Ukiingia katika darasa jema la watoto wadogo, hutaona watoto wamefungwa kwenye mabenchi toka asubuhi hadi mchana. Utaona mikeka chini, na watoto katika mafungu madogo, kila fungu na kazi yake.

Fungu la kwanza wanacheza soko. Mmoja anauza mafungu ya sombe, mwingine dagaa, na majani makavu ndiyo franka. Mnunuzi asema, "Nipe mafungu matatu." Muuzaji anahesabu moja, mbili, tatu. Hapo amejifunza hesabu, na amejifunza kusema kwa heshima na kungoja zamu yake.

Fungu la pili wanafinyanga udongo: ng'ombe, mtumbwi, chungu. Wewe waona uchafu tu. Lakini vidole vinapata nguvu. Mtoto ambaye vidole vyake ni dhaifu hushika kalamu kwa taabu, anachoka, naye huchapwa bure kwa sababu ya mwandiko mbaya.

Fungu la tatu wanapanga vizibo vya chupa: vyekundu huku, vyeupe huku, vikubwa huku, vidogo huku. Anayejua kutofautisha vizibo leo, kesho atatofautisha herufi.

Fungu la nne wanaimba na kupiga makofi kwa kila kipande cha neno: Ba-ra-ka, Mu-ta-mba-la. Hayo ni maandalizi ya kusoma. Ni vizuri waanze kwa lugha wanayoisikia nyumbani, iwe Kibembe, Kifuliiru au Kiswahili.

Baada ya hayo wanatoka nje kukimbia na kuruka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 atumie mwili wake walau dakika 180 kila siku, na alale saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana.

Basi, mwalimu hapumziki watoto wanapocheza. Yeye ndiye aliyechagua mchezo. Anatazama, anauliza maswali, anamsaidia aliye nyuma. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 imeweka miaka 3 ya shule ya watoto wadogo kabla ya shule ya msingi. Miaka hiyo ni ya kutayarisha mkono, ulimi na moyo. Daftari litakuja kwa wakati wake.

3. MTOTO ALIYEDHOOFIKA KWA NJAA

Labda wasema, "Mchezo ni wa watoto walioshiba." Sivyo. Katika mji wa Kingston, nchi ya Jamaika, waganga walichagua watoto 129 waliodumaa kwa lishe mbaya. Katika miaka ya 1986 na 1987 walianza kuwatembelea baadhi yao nyumbani mara moja kila juma, muda wa saa moja, kwa miaka miwili. Walimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto wake kwa vitu vya nyumbani. Baada ya miaka 20 walitazamwa tena. Wale waliochezeshwa walikuwa wanapata mshahara mkubwa kuliko wenzao wasiochezeshwa, kwa kadiri ya asilimia 25.

Tena, mwaka 2003 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa hatua 10 za kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali hospitalini. Hatua ya 9 ni upendo na mchezo, dakika 15 hadi 30 kila siku. Kwa hiyo, mama, ukiwa wodini na mwuguzi akakuletea kopo na vijiti vya kumchezesha mtoto, usidhani anakudharau. Maziwa yanajenga mwili. Mchezo wako unaiamsha akili.

4. MTOTO ALIYEKIMBIA VITA

Watu wa Fizi wanajua kukimbia. Katika vita vya mwaka 1996 wengi walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na huko Tanzania ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Tangu mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi nao walipokewa Lusenda, katika Fizi hii hii.

Mtoto aliyesikia risasi aweza kuamka usiku akilia, au kukojoa kitandani tena, au kucheza vita kila siku. Usimpige. Hana maneno ya kusema aliyoyaona, basi anayasema kwa mchezo. Kaa karibu naye. Mpe udongo, wimbo, na saa za kula na kulala zisizobadilika. Nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipoonyesha mji uliorudishiwa amani, alitaja wazee wameketi na watoto wakicheza njiani.

5. ANGALIA SANA

Mtoto asiyetimiza miaka 3 asipewe vizibo, maharagwe wala vijiwe. Vitamziba koo.

Usimpe kopo lililokuwa na dawa ya wadudu, wala sindano, wala betri.

Mfundishe hivi: akiona risasi au chuma asichokijua shambani, asikiguse, arudi kwa njia aliyoijia, amwambie mtu mzima.

Baada ya kucheza, na kabla ya kula uji, anawe mikono kwa sabuni. Kipindupindu kimerudi mara nyingi katika pwani yetu, na mkono mchafu ni njia yake.

6. NYUMBANI

Huhitaji fedha. Mpira wa majani ya migomba, mtoto wa gunzi la hindi, gari la mti wa muhogo, vyote vyafaa. Unapochambua sombe, mwache mtoto ahesabu majani. Baba naye acheze, haimwondolei heshima. Robo saa kila jioni yatosha kuanza.

MASWALI

1. Mtoto hujifunza nini katika mchezo wa soko?
2. Kwa nini mtoto mwenye utapiamlo anahitaji mchezo pamoja na maziwa?
3. Ni vitu gani mtoto mdogo asipewe?
4. Leo jioni utacheza nini na mtoto wako?

Kesho, mtoto akikujibu tena, "Tumecheza," mwulize, "Mmecheza nini?" Kisha msikilize mpaka mwisho.