Samaki Wageni na Maji Yasiyo Tayari: Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia tuliangalia namna ya kuchagua mahali pa kuchimba bwawa katika mabonde ya Bukoba na Muleba, na namna ya kuzuia maji yasinywewe na ardhi. Leo tumefikia shauri lililo zito zaidi, nalo ndilo liwavunjalo moyo watu waliokwisha kutoa fedha na jasho lao kwa kazi hii: mtu hununua vifaranga mia tano wa sato, huwatia majini wakiwa wazima, na kabla ya juma kupita huwaokota wakielea matumbo juu. Hununua wengine, nao hufuata njia ile ile. Mara ya tatu huanza kushuku kwamba muuzaji alimpa samaki wagonjwa, au kwamba jirani mwenye husuda alimwaga kitu usiku, au kwamba ardhi yenyewe haitaki samaki. Dhana ya kwanza huwa kweli mara chache. Ya pili ni nadra kuliko watu wadhanivyo. Na ya tatu, ijapokuwa yachekesha, ina chembe ya haki ndani yake, kama itakavyobainika tutakapoufikia udongo wa rweya.

Binadamu huvuta pumzi mahali pamoja na kwenda haja mahali pengine. Samaki hana hiari hiyo. Maji ni chumba chake, hewa yake na choo chake kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo anayetaka kujua kwa nini samaki wageni hufa hana budi kuyafanya maji kuwa mgonjwa wake wa kwanza, na samaki mgonjwa wake wa pili. Tena kabla ya kununua kipimo chochote, yuko shahidi asiyedai malipo, ambaye aghalabu hapewi nafasi ya kusema: wakati wa kufa. Mwenye bwawa akiandika siku na saa ya kila kifo, na kama walioanza kufa ni wakubwa au wadogo, atakuwa amekwisha kupata nusu ya jawabu.

Wakifa katika saa chache za mwanzo, kosa limo safarini au katika namna ya kuwapokea. Vifaranga wengi wafikao Bukoba hutoka mbali, mara nyingi ng'ambo ya ziwa upande wa Mwanza, wakiwa katika mifuko ya plastiki iliyotiwa maji kama theluthi moja na kujazwa oksijeni sehemu iliyobaki, wakipakiwa katika meli isafiriyo usiku kucha na kugusa Kemondo kabla ya kutia nanga Bukoba, au katika magari yauzungukayo upande wa kusini wa ziwa. Ndani ya mfuko uliofungwa hutendeka mambo mawili kwa pamoja. Samaki hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikiyeyuka huyatia maji asidi. Na papo hapo hutoa amonia kwa njia ya matamvua, yale mashavu mekundu yavutayo pumzi. Amonia ni sumu, walakini katika maji yenye asidi sehemu yake iliyo kubwa hugeuka umbo lisilo na madhara makubwa, hata samaki wakaweza kukaa nayo usiku mzima. Hapo ndipo ulipo mtego. Mpokeaji mwenye huruma huufungua mfuko mapema ili wageni wapate hewa, kisha huwaacha humo wakati akishughulika na jambo jingine. Hewa ya ukaa hutoka, asidi hupungua, na ile amonia iliyokuwa imelala huamka. Katika joto la nyuzi 25, kipimo cha asidi ambacho wataalamu hukiandika pH kikiwa 7, ni kama nusu ya asilimia moja tu ya amonia iliyo katika umbo la sumu. Kikiwa 8 hufikia asilimia 5. Na kikiwa 9 hupita theluthi. Samaki waliovumilia safari ya usiku kucha hufa mlangoni pa nyumba yao mpya, na lawama humwendea muuzaji.

Dawa yake ni nyepesi. Mfuko uelezwe juu ya bwawa ukiwa bado umefungwa, robo saa hadi nusu saa, joto la ndani lilingane na la nje. Ukifunguliwa, maji ya bwawa yaongezwe kidogo kidogo bila kukawia. Kisha samaki watolewe kwa wavu mwororo, na maji ya mfuko yamwagwe nchi kavu. Suala la joto lisidharauliwe na watu wa nyanda za juu. Kifaranga aliyeanguliwa katika maji ya nyuzi 27 huko Mwanza, akitumbukizwa asubuhi ya baridi katika kibwawa cha Kamachumu kilicho chini ya nyuzi 20, hupata mshtuko, na hata asipokufa siku ile hukaa bila kula na kinga ya mwili wake hulegea.

Wakifa alfajiri, hasa usiku wa kwanza au wa pili, na wakawa wameonekana wakitweta midomo juu ya maji kabla jua halijachomoza, hiyo ni njaa ya hewa. Mimea midogo iyapakayo maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huivuta kama viumbe wengine wote; kwa hivyo bwawa lililo la kijani kibichi, ambalo mwenyewe hulisifu kwa rutuba yake, huwa tajiri alasiri na fukara saa kumi na moja alfajiri. Katika mwinuko wetu, uliozidi mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba kidogo, na maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hubeba kama miligramu 7 za oksijeni kwa lita, pungufu ya 8 na ushei ya pwani. Ukiongeza samadi ya ng'ombe kila juma kwa kudhani kwamba kingi ndicho bora, wadudu waiozeshao huila hewa iliyobaki. Zamisha mkono wako: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, samadi isimame. Alama nyingine ya kifo cha hewa ni kwamba wakubwa hutangulia na wadogo hufuata.

Vifo vianzavyo siku ya tatu na kuendelea hata juma la tatu, mmoja leo na wawili kesho, ndivyo viwapotezavyo watu zaidi, maana maji huonekana safi kama machozi. Na usafi huo huo ndio ugonjwa. Maji mapya, yawe ya tangi la saruji au ya sanduku la kioo lililowekwa sebuleni kuwa pambo, hayana bado jeshi la bakteria liwezalo kuigeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti isiyodhuru sana. Jeshi hilo halinunuliwi sokoni kwa urahisi. Huota lenyewe juu ya mawe, changarawe na kuta, nalo huchukua majuma manne hadi sita kukamilika. Waingereza walipofungua nyumba ya samaki katika bustani yao ya wanyama ya London mwaka 1853, na kila mwenye nafasi akataka kuwa na bahari ndogo nyumbani kwake, walikuwa wakifanya kazi gizani, kwani bakteria hao hawakutambuliwa sawasawa ila karibu na mwaka 1890, na Mrusi Sergei Winogradsky. Kizazi kizima kiliua samaki bila kujua kwa nini! Wafugao samaki wa bahari hata leo hubeba mzigo mzito kuliko sisi, kwa kuwa maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kwa kadiri ya sehemu moja katika tano, na pH yake huwa imepita 8, mahali ambapo amonia ni kali. Lakini kanuni ni ile ile. Naitraiti nayo ina alama yake: huigeuza damu isibebe hewa, na matamvua yaliyopaswa kuwa mekundu huwa ya rangi ya kahawia. Chumvi ya jikoni, hata gramu moja kwa lita, huizuia isipenye mwilini. Aliye na tangi la kioo mjini Bukoba asisahau pia klorini ya maji ya bomba, ambayo huua bakteria na kuunguza matamvua. Maji yakae wazi siku nzima au mbili kabla ya kutumiwa.

Naona kununua samaki wapya mahali pa waliokufa, katika maji yale yale, ni israfu iliyovaa kanzu ya subira. Kila kundi jipya hutia amonia yake juu ya ile ya maiti, na mwenye mali hujisifu kwamba hakati tamaa.

Sasa tuje kwenye rweya. Mwambao wa Bukoba hupata mvua ya kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo kwa dahari nyingi imeisuuza ardhi iliyolala juu ya mawe ya mchanga, ikaichukulia chokaa na madini yake yote. Kibanja chenye migomba kimenusurika kwa sababu vizazi vimekilisha samadi, majani na majivu. Rweya, ile nyika ya majani iliyo baina ya kijiji na kijiji, haikulishwa na mtu. Bwawa lililochimbwa chini ya mteremko wa rweya na kujazwa na kijito chake hupokea maji laini yenye asidi, ambayo sato, apendaye pH ya 6.5 hadi 9, huyachukia. Ubaya wake si asidi peke yake. Maji yasiyo na chokaa hayana uthabiti. Mimea ikianza kufanya kazi mchana pH huruka juu, usiku huporomoka, na mvua moja kubwa huwapa samaki maji mengine kabisa kwa muda wa saa moja. Ukiona maji maangavu mno, yasiyopata kijani hata baada ya kutiwa samadi, shuku jambo hili kabla ya jingine lolote.

Hapa tiba ni chokaa ya kilimo, gramu 100 hadi 200 kwa kila mita mraba, itandazwe juu ya tope kabla ya kujaza maji, na udongo ulio mkali huhitaji zaidi ya hapo. Nasema chokaa ya kilimo kwa kukusudia. Mzee mmoja wa Muleba aliyeambiwa atie chokaa alinunua ile ya kupakia ukuta, akainyunyiza samaki wakiwamo. pH ilipanda kwa ghafula na samaki wote wakafa adhuhuri ile ile. Chokaa hiyo kali yafaa katika bwawa tupu tu, ili kuua vijidudu, na kuachwa majuma mawili.

Wenye vizimba ziwani, ambao wameongezeka tangu serikali ilipoanza kuvikopesha pamoja na boti mwanzoni mwa mwaka 2024, hudhani kwamba maneno haya si yao, kwa kuwa ziwa ni kubwa. Ziwa lina hasira zake. J. F. Talling, mtaalamu wa Kiingereza, katika makala yake ya mwaka 1966 alieleza jinsi maji ya juu yenye joto yanavyolala juu ya maji ya chini yaliyo baridi, na jinsi pepo za kusi za mwezi wa Juni na Julai zinavyoyachanganya. Robert Hecky na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba maji ya vilindini yamepungukiwa na hewa kuliko zamani za Talling. Tufani ikiyapandisha maji hayo, aliye huru hukimbia, na aliye kizimbani hana pa kwenda. Mwanzoni mwa mwaka 2021 hata walio huru hawakusalimika: sangara wakubwa walielea kwa wingi upande wa Uganda, na wizara ya huko ikasema sababu ni upungufu wa oksijeni. Sangara ni mhitaji sana wa hewa, na mkubwa hutangulia, kama tulivyosema. Mwezi wa Novemba 2022 zamu ikawafikia wenye vizimba wa Kisumu. Kwa hiyo vifaranga wasiingizwe kizimbani wakati wa pepo kali, wala kizimba kisifungwe katika ghuba iliyotulia karibu na mafunjo, ambako maji yaliyooza hutoka baada ya mvua.

Yamebaki machache. Samaki wakitoweka bila maiti, tafuta mdiria, fisi maji na mwizi wa miguu miwili. Wakifa mchana kweupe, wadogo kwa wakubwa, pamoja na vyura na wadudu wa majini, hiyo ni sumu: uliza kama shamba la juu limepigwa dawa, hasa mrututu, ambao katika maji laini kama yetu huua kwa kiasi kidogo mno, au kama mtu ametwanga utupa mtoni. Maradhi yenyewe, ya ukungu mweupe, vidonda na mapezi yaliyoliwa, huja aghalabu baada ya juma la kwanza, nayo hupenda miili iliyokwisha kudhoofishwa na mambo tuliyoyataja. Hutapata faida kuyatibu kabla ya maji.

Kabla ya kuagiza vifaranga elfu, agiza ishirini. Wafungie katika kiwavu kidogo kilichosimamishwa kwa miti minne bwawani, uwapelekee macho alfajiri, adhuhuri na magharibi kwa siku kumi, na uandike kila uonalo. Wakifa wote, umepoteza bei ya samaki ishirini na umepata saa ya kifo chao. Wakiishi, agiza waliobaki kutoka kwa muuzaji yule yule, na njia ile ile ya safari, usibadili kitu. Habari za chakula, pumba na dagaa na kiasi chake, tutazieleza katika sehemu ya tatu.

Itaendelea.