Mrashi Uliong'aa Sokoni Keroka

Tulipopanda kwenda Kisii kwa harusi ya jamaa zetu, mrashi wetu wa fedha tuliusahau nyumbani. Siku ya kuamkia nikaha tukashuka Keroka, soko lililolala juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na hapo, baina ya mikungu ya ndizi na masufuria, tukauona mrashi wa kutamanika: shingo ndefu, tumbo la mviringo, na mwili mzima umejaa vidimbwi vidogo kana kwamba umefuliwa kwa nyundo. Tukalipa. Harusi ilipokwisha, mmoja wetu aliufuta kwa kitambaa cha maji ya moto, na ile "fedha" ikaambuka mfano wa ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na plastiki nyeupe.

Ndugu zetu akina mama, vyombo vya namna hii vimejaa majumbani mwetu, kwa hivyo yafaa tujue vinavyotengenezwa. Nakshi ile haikupigwa na fundi yeyote. Huchimbwa kwanza ndani ya kalibu ya feleji, mara nyingi kwa tindikali inayokula pale palipoachwa wazi, kisha plastiki iliyoyeyushwa husukumwa humo kwa nguvu. Hutoka na kila kidimbwi na kila mstari, tayari kuvishwa.

Mavazi ya bei nafuu ni ya alumini. Chombo hupakwa vanishi, hutiwa katika chumba kilichonyonywa hewa yote, na humo alumini hupashwa moto hata ikawa mvuke. Mvuke huo hutua juu ya plastiki kwa unene usiofika hata elfu moja ya milimita. Juu yake hupakwa vanishi nyingine. Ikitiwa rangi ya manjano, mteja huona dhahabu. Vanishi ikichakaa, hakuna kinachobaki cha kuilinda alumini, na bila shaka ndivyo ulivyokuwa mrashi wetu.

Yako mavazi magumu zaidi, yale ya vishikio vya mlango na mabomba ya bafuni. Plastiki hutumbukizwa katika tindikali kali inayoitoboa vitundu visivyoonekana kwa macho, ili madini yapate pa kushika. Hufuata chembe za paladiamu, kisha nikeli isiyohitaji umeme, halafu shaba, nikeli tena na kromu kwa umeme. Hapa fundi ana mtihani wake: shaba hupenda kujaza mabonde, na nakshi nyembamba humezwa ikatoweka. Kwa sababu hiyo nakshi huchimbwa kwa kina kuliko inavyotakiwa kuonekana. Kazi hii si ya kujaribiwa uani, kwani tindikali ya kromu inayotumika viwandani husababisha saratani.

Uzuri wa vyombo hivi hatuukatai. Khofu yetu ni pale vinapowekwa mahali pasipo pake. Plastiki inayotumika sana kwa kazi hii hulainika joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na kaa la chetezo hupita hapo mara kadhaa. Bangili zenye nikeli nazo huwatoa baadhi ya watu vipele, watoto wakiwemo. Chombo kinachoambuka kisitiwe chakula. Kabla ya kununua, kipime kwa mkono: madini ni mazito na huwa baridi ukiyashika, kigonge kwa ukucha usikie mlio, tafuta mshono wa kalibu ubavuni. Sumaku haisaidii, maana hata fedha ya kweli haishikwi nayo.

Muuzaji wetu tulimrudia. Akajibu kwa upole kwamba lau tungemuuliza angetuambia ni plastiki. Kweli hatukuuliza, lakini tulimkumbusha ile habari ya Mtume (s.a.w.) kutia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta umaji chini ya ukavu, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Aliyeficha hakuulizwa kwanza.

Zamani mwanamke wa Kigusii aliyeolewa alivaa ebitinge, pete za chuma miguuni, na chuma kilikuwa chuma mpaka ndani. Tulilikumbuka hilo kesho yake huko Tabaka, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, wanakochonga jiwe la sabuni. Wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake hukaa mbele ya mabeseni ya maji wakisugua kwa msasa hata jiwe likawa laini, kisha hulipaka nta. Vingine hutiwa rangi, halafu hukwaruzwa nakshi kwa ncha kali, na mkwaruzo hutoa weupe wa jiwe lenyewe.

Tulinunua chetezo cha jiwe, kizito, chenye nakshi ya vidimbwi. Mama aliyetuuzia alituonya tusikimwagie maji kingali moto. Mrashi tumeuweka dirishani, umetiwa maua.