Mtandao wageuza kazi ya mawakili mpakani Isebania

MFANYABIASHARA wa Isebania anayemdai mwenzake sasa aweza kufungua kesi katika Mahakama ya Kehancha bila kubeba faili hadi kwa karani.

Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao ulianza jijini Nairobi Julai 2020. Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome aliuzindua katika mahakama zote nchini. Ada nayo hulipwa kwa simu.

Kwa wakili, jambo zito zaidi ni ushahidi. Mapatano mengi kati ya wafanyabiashara wa Isebania na wa Sirari, Tanzania, hufanywa kwa simu, si kwa wino. Hata hivyo, ujumbe wa simu haujitetei wenyewe: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi chataka cheti kinachoeleza jinsi nakala ilivyotolewa na kwa chombo gani. Wakili akikisahau, mteja aweza kushindwa ilhali deni ni la kweli.

Hukumu za Kenya husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law, na za Tanzania katika TanzLII. Mteja basi huja ofisini akiwa amekwisha kusoma kesi inayofanana na yake, pengine akaielewa visivyo. Asiye na wakili huishia kwenye saiba, akimkabidhi kijana wa kompyuta siri za kesi yake pamoja na nywila.