Sindano na Krimu: Kijana Aliyerudi Kutoka Kaburini

Kila siku, katika nyumba moja ya kijiji cha Roarton kaskazini mwa Uingereza, mzazi humdunga kijana wake sindano nyuma ya shingo. Kisha kijana husimama mbele ya kioo, akajipaka usoni krimu yenye rangi ya ngozi ya mtu mwenye afya, akatia machoni lenzi za kuficha mboni zilizopauka. Ndipo huketi mezani pamoja na jamaa zake, mbele ya chakula asichoweza kukila. Kijana huyo, Kieren Walker, alikufa na kuzikwa akiwa na umri wa miaka 18.

Roarton haimo katika ramani yoyote. Imo katika In the Flesh, tamthilia ya televisheni iliyoandikwa na Dominic Mitchell na kurushwa na BBC Three, idhaa iliyokuwa ikiwalenga vijana: sehemu tatu mwaka 2013, na nyingine sita mwaka 2014. Ilipewa tuzo ya BAFTA ya tamthilia fupi bora. Kwa sura yake ya nje ni hadithi ya zombi. Kwa undani wake ni mojawapo ya masimulizi makini kuhusu kijana anayerudi nyumbani akiwa na ugonjwa wa akili, na kuhusu kijana anayependa wa jinsia yake katika kijiji kisichotaka kulisikia jambo hilo. Mambo hayo mawili yamewekwa ndani ya mwili mmoja, na humo ndimo ulimo uzuri wa tamthilia hii na hatari yake pia.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili kumwelewa zombi. Anamjua msukule, mtu anayesadikiwa kuwa amekufa, kumbe amechukuliwa na wachawi akafanyishwa kazi usiku bila hiari wala kauli. Zombi wa masimulizi ya Haiti ni ndugu yake, kwani naye ni maiti aliyetiwa utumwani. Zombi wa filamu ni kiumbe kingine. Tangu George Romero alipotoa Night of the Living Dead mwaka 1968, zombi amekuwa mfu mwenye njaa, asiye na jina wala kumbukumbu, ambaye dawa yake ni kupigwa kichwani. Hadithi nyingi za aina hii wanazosoma vijana zinaifuata kanuni hiyo: aliyegeuka si mtu tena, hata akiwa mama mzazi.

Mitchell aliivunja kanuni hiyo kwa swali moja: itakuwaje iwapo zombi anatibika? Katika ulimwengu wa tamthilia yake, wafu walifufuka mwaka 2009 na kuua watu wengi. Baadaye wanasayansi wakapata dawa inayorudisha fahamu na kuzima ile njaa. Serikali ikauita ugonjwa huo kwa jina la kitabibu, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Ugonjwa wa Kufa Nusu, na ikaanza kuwarudisha wagonjwa makwao. Wanaporudi wanafundishwa kujieleza kwa maneno yaliyokwisha andaliwa: kwamba wao ni wagonjwa, na kwamba waliyoyatenda kabla ya kutibiwa si kosa lao. Majirani nao wana jina lao fupi kwa watu hao. Wanawaita waliooza.

Mwandishi ameeleza kwamba wazo lake la awali halikuwa na zombi hata mmoja. Lilikuwa hadithi ya kijana aliyepatwa na saikosisi, akatenda jambo baya akiwa katika hali hiyo, kisha akarudishwa kwao kuishi na watu wanaomkumbuka. Ukilijua hilo, mambo mengi ya tamthilia yanajieleza yenyewe. Kieren hupatwa na kumbukumbu za ghafla za msichana aliyemuua. Wazazi wanafundishwa na mhudumu wa jamii namna ya kutoa sindano. Mtaani, mama mmoja mzee aliyerudi kwa mumewe kwa siri anatolewa nje na wanamgambo wa kijiji na kupigwa risasi, mume akitazama. Mtazamaji wa Uingereza hakuhitaji kufasiriwa haya. Sheria ya mwaka 1990 ilisukuma huduma za akili kutoka hospitali kubwa kwenda katika jamii. Na tangu Novemba 2008, England na Wales zina amri ya kumtibu mgonjwa akiwa kwake, kwa masharti ambayo akiyavunja anaweza kurudishwa hospitalini. Hofu ya kwamba mwendawazimu amehamia jirani ilikuwa jambo la magazeti kwa miaka mingi kabla ya zombi kuhamia Roarton.

Yafaa kuitazama kwa makini ile meza ya asubuhi yenye vitu viwili, sindano na krimu, kwa sababu huko ndiko tamthilia inakomwambia mhudumu wa afya jambo la maana. Sindano ni ya mgonjwa. Bila hiyo Kieren anapoteza fahamu zake na kuwa hatari kwa wengine na kwake mwenyewe, naye hapingi kuipata. Krimu haitibu chochote. Ni ya majirani. Hupakwa ili wengine wasishtuke, ili baba aweze kujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Hata hivyo vitu hivyo viwili hutolewa pamoja, katika mfuko mmoja, kwa maelekezo ya sauti ileile, hata mgonjwa mwenyewe hajui tena kipi ni tiba na kipi ni adabu ya kuwaridhisha watu.

Rafiki yake Amy Dyer, aliyekufa kwa saratani ya damu, anaamua kutojipaka. Anatembea kijijini na uso wake mweupe kama karatasi. Malipo yake ni kwamba mwanamume mmoja anamvamia ndani ya nyumba yake na kumpaka krimu usoni kwa nguvu. Ni tukio fupi, hakuna damu, lakini ni gumu kulitazama kuliko mauaji mengi ya filamu za zombi. Yeyote aliyewahi kuona mgonjwa akilazimishwa kuonekana mzima atalitambua.

Sasa tuje kwa Rick Macy. Kieren hakufa kwa ajali wala maradhi; alijitoa uhai. Rick alikuwa mtu wake wa karibu kuliko wote, na wakati wa kifo chake mapenzi yao hayakuwa na jina kijijini. Babake Rick, mzee Bill, kiongozi wa wanamgambo, hakuuvumilia ukaribu huo. Rick akajiunga na jeshi, akauawa Afghanistan, na baada ya habari hizo Kieren hakuona sababu ya kuendelea kuishi. Kufufuka kwao kunawakutanisha tena. Bill anampokea mwanawe kama shujaa aliyetoka vitani akiwa hai, anamkalisha baa, anamnunulia bia ambayo tumbo lake haliwezi kuipokea. Anakana kwamba mwanawe amekufa kama alivyokuwa akikana kwamba mwanawe ni nani. Hatimaye anamwagiza Rick amuue Kieren. Rick anaiondoa krimu, anazitoa lenzi, na kumkabili baba yake kwa uso wake halisi: ikiwa Kieren ni mwovu, basi na yeye ni mwovu. Bill anamuua.

Krimu ile inayoficha ugonjwa ndiyo pia inayoficha mapenzi, na hapo msomaji wa jarida la kitabibu ana haki ya kusita. Kuyaweka mambo haya mawili chini ya kifuniko kimoja kunakaribia kosa ambalo tiba yenyewe ilichukua muda mrefu kulisahihisha. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilikuwa kikiyahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa hadi Desemba 1973. Tarehe 17 Mei 1990, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, na humo mapenzi hayo yenyewe hayakuwemo tena. Mtu aliyelala kitandani mwaka 1972 akiwa mgonjwa kwa mujibu wa kitabu aliamka miaka michache baadaye si mgonjwa, bila kumeza kidonge hata kimoja.

Tamthilia inaponea chupuchupu kwa sababu inajua tofauti. Hakuna sindano inayobadili anachopenda Kieren, wala hakuna anayeitafuta. Kilichomwumiza ni ukimya na kukataliwa, na juu ya hilo utafiti upo. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake walichapisha katika jarida la Pediatrics matokeo ya uchunguzi wa vijana 224 wa Marekani wenye umri wa miaka 21 hadi 25, waliovutiwa na watu wa jinsia yao au wa jinsia zote mbili. Waliosema kwamba familia zao ziliwakataa kwa kiwango kikubwa walipokuwa wakikua, walikuwa na uwezekano wa mara 8.4 zaidi wa kueleza kwamba waliwahi kujaribu kujiua, na mara 5.9 zaidi wa kuwa na sonona kali, kuliko wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kipi kilisababisha kipi, lakini Bill Macy hakubuniwa kutoka hewani.

Lawama moja inabaki bila jibu kamili. Zombi ni muuaji, ilhali watu wenye maradhi ya akili hudhuriwa na wengine mara nyingi zaidi kuliko wanavyodhuru. Kuwafananisha na wala watu, hata kwa nia njema, ni kuazima silaha ya adui. Mitchell anaipunguza makali kwa kumtazama Jem, dada yake Kieren, msichana mzima aliyepigana na wafu akasifiwa na kijiji kizima. Katika mfululizo wa pili ni yeye anayeshtuka usiku na kuona maadui wasiokuwepo, na ni yeye anayempiga risasi kijana asiye na hatia kwa kumdhania zombi mwenye njaa. Jem hana jina la ugonjwa, hana mhudumu wala sindano, ana nishani. Anayetibiwa ndiye anayeogopwa.

Mwandishi wa Canada Courtney Summers alikwenda njia nyingine katika riwaya yake ya vijana This Is Not a Test ya mwaka 2012, ambayo haihusu mapenzi ya jinsia moja. Sloane Price, msichana anayepigwa na baba yake na aliyeachwa na dada yake, amepanga kufa siku ileile wafu wanapoamka. Anajikuta amejifungia shuleni na wanafunzi wenzake watano wanaopigania kuishi, naye akiwa peke yake asiyetaka. Zombi wa Summers hawatibiki na hawana la kusema. Wanagonga milango tu, huku sonona ikiwa tayari ndani ya jengo, imeketi kimya miongoni mwa wenzake. Ipo dhana iliyoenea kwamba kumwuliza mtu kuhusu kujiua kunampandikizia wazo hilo. Tafiti haziungi mkono dhana hiyo. Swali la upole na la moja kwa moja mara nyingi humpa mtu nafuu, na mgonjwa anayeyasoma haya huku akiwa na mawazo hayo anaweza kumwambia mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu au mtu anayemwamini leo hii, bila kungoja aulizwe.

Katika Roarton swali linachelewa kwa miaka, lakini linafika. Baada ya kifo cha pili cha Rick, Kieren anarudi katika pango alikokufia mara ya kwanza. Mama yake, Sue, anajua pa kumtafuta, naye anamfuata. Hamkemei wala hamhubirii. Anamsimulia jambo ambalo hajawahi kumwambia: kwamba yeye pia, alipokuwa msichana na moyo wake umevunjika, alikwenda duka la dawa kununua vidonge vya kujimaliza, na kijana aliyekuwa akihudumu dukani akamtilia shaka na kuanza kuzungumza naye. Kijana huyo alikuwa Steve, babake Kieren. Mama na mwana wanaketi pangoni wakizungumza, kisha wanarudi nyumbani. Huko, Steve, ambaye tangu mwanawe arudi amekuwa akizungumzia kila kitu isipokuwa kile kilichotokea, anaanza kusimulia usiku ule alipokwenda kumtafuta na jinsi alivyomkuta.